Kikombe, Wakia na Mizani: Nasaha kwa Mpishi wa Vitabu vya Nchi Mbili

Upishi wa keki na mikate ni amali isiyosamehe kosa la kipimo. Mchuzi uliozidi chumvi huongezwa maji, na wali uliopungua maji hunyunyiziwa mengine ukapaliwa makaa upya. Lakini keki iliyokwisha kuingia katika oveni ikiwa na unga uliozidi au mafuta yaliyopungua haina tena njia ya kutengenezwa, na mpishi, hata awe hodari namna gani, hana budi kungoja mpaka iive ndipo ajue kama amepata chakula au amepata hasara. Hasara hiyo aghalabu haitokani na uvivu wala uzembe. Hutokana na uaminifu wa mtu aliyefuata maelezo neno kwa neno, akapima kila kitu kwa uangalifu, ilhali kikombe alichokishika mkononi hakikuwa kikombe alichokikusudia mwandishi wa kitabu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumo katika hatari hiyo kwa sababu ya historia yetu. Masomo ya upishi wa nyumbani yaliyofundishwa shuleni wakati wa utawala wa Waingereza yalikuja na ratili, wakia, painti na galoni; baadaye nchi zetu zikachagua kilo na lita, na mizani za madukani zikabadilika. Leo mapishi mengi yanayotufikia, ama kwa vitabu, ama kwa intaneti, ama kwa mikono ya jamaa waliohamia ng'ambo, hutoka Marekani, na humo mna vikombe, vijiti vya siagi na joto la Farenhaiti. Mpishi mmoja, katika jiko moja, huweza kuwa na kitabu cha bibi yake chenye wakia, kitabu kipya cha Uingereza chenye gramu, na karatasi ya mapishi ya Marekani yenye vikombe. Na vyote vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza, hata mtu akadhani vinasema jambo moja. Nia ya makala haya ni kumpa mpishi huyo njia nyepesi na yenye yakini: atambue kwanza maelezo ni ya nchi gani, kisha ageuze kila kipimo kinachostahili kuwa uzito wa gramu, afanye kazi hiyo mara moja tu kwa kila mapishi, na aiandike.

Asili ya tafauti

Zamani Uingereza haikuwa na galoni moja. Palikuwa na galoni ya mvinyo, galoni ya bia na galoni ya nafaka, na kila moja ilikuwa na ujazo wake. Mwaka 1707, katika enzi ya Malkia Anne, galoni ya mvinyo iliwekwa na sheria kuwa inchi 231 za ujazo, na makoloni ya Marekani yakaitumia galoni hiyo kama yalivyotumia mambo mengine mengi ya Uingereza. Makoloni hayo yalijitangazia uhuru mwaka 1776, lakini kipimo hayakukitupa, na mwaka 1832 Wizara ya Fedha ya Marekani ikakithibitisha. Uingereza yenyewe ndiyo iliyohama: kwa sheria ya mwaka 1824 ilizifuta galoni zake zote za zamani, ikaweka moja mpya, yenye ujazo wa ratili 10 za maji safi yakiwa katika joto la nyuzi 62 za Farenhaiti. Basi wale wadhanio kwamba Wamarekani waliharibu kipimo cha Waingereza hawakuinsafu, kwa maana kipimo cha Marekani ni kile cha Uingereza ya kale, kilichobaki upande wa pili wa bahari baada ya wenyewe kukiacha.

Matokeo yake ni haya. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, na ya Marekani ni lita 3.79. Kila moja hugawanywa katika painti 8, kwa hiyo painti ya Uingereza ni mililita 568 na painti ya Marekani ni mililita 473. Ya kwanza ni sawa na ya pili pamoja na humusi yake, yaani sehemu moja ya tano. Lakini Waingereza huigawanya painti yao katika wakia 20 za majimaji, na Wamarekani huigawanya yao katika wakia 16, na kwa sababu ya mgawanyo huo wakia ya majimaji ya Uingereza, ambayo ni mililita 28.4, ni ndogo kidogo kuliko ya Marekani, ambayo ni mililita 29.6, ingawa painti ya Uingereza ndiyo kubwa. Kutokana na hayo mpishi achukue kanuni moja: wakia chache za maziwa hazidhuru, maana tafauti yake ni ndogo mno, painti ndiyo idhuruyo.

Katika uzito hakuna ugomvi wowote. Ratili ya Uingereza na ratili ya Marekani ni moja, na mwaka 1959 nchi hizo mbili, pamoja na Kanada, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini, ziliafikiana kuihesabu kuwa gramu 453.59, na wakia, ambayo ni sehemu moja ya 16 ya ratili, ni gramu 28.35. Mizani ya London na mizani ya Chicago husema neno moja. Hapa ndipo penye suluhu ya shida yetu yote, na sababu ya mimi kumhimiza kila msomaji anayependa kuoka awe na mizani ndogo ya jikoni, ya sahani au ya betri, inayoonyesha gramu; kwa maana ni chombo kimoja kinachomwezesha kuvisoma vitabu vya nchi zote mbili bila shaka.

Kikombe na uzito wake

Nchini Marekani desturi ya kupima kwa kikombe ilipata utaratibu wake kwa juhudi za Fannie Farmer, mkuu wa Boston Cooking School, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1896. Bibi huyo alisisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe kisha visawazishwe juu kwa kisu, ili mapishi ya mtu mmoja yapate kurudiwa na mwingine bila kubahatisha. Kule Uingereza kitabu mashuhuri cha Isabella Beeton juu ya utunzaji wa nyumba, kilichotoka mwaka 1861, kilikuwa kimefuata ratili na wakia, na vitabu vya Waingereza viliendelea hivyo hivyo mpaka walipoingia katika gramu. Ndiyo maana Mmarekani huuliza ni vikombe vingapi, na Mwingereza huuliza ni uzito gani.

Kikombe cha Marekani ni nusu ya painti ya nchi hiyo, yaani mililita 237. Na katika maandishi ya lishe yaliyo juu ya vyakula vya madukani huko huhesabiwa kuwa mililita 240, tafauti isiyodhuru. Kikombe cha Australia ni mililita 250. Katika vitabu vya zamani vya Uingereza, palipotajwa kikombe kikubwa, aghalabu ilikusudiwa nusu painti ya huko, ambayo ni mililita 284. Ama kikombe cha chai kilichomo kabatini mwako si kipimo hata kidogo, na hakifai kuhesabiwa na hivi.

Kikombe hupima nafasi, nacho hakijui uzito wa kilichomo ndani yake. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa kibaba na pishi, kwa maana kibaba cha mchele na kibaba cha unga hujaza chombo kile kile, lakini ukivitia katika mizani havilingani. Kwa hiyo hakuna hesabu moja inayogeuza vikombe kuwa gramu kwa vitu vyote. Kila kitu kina hesabu yake, na hizi ndizo zinazohitajiwa mara nyingi. Kikombe kimoja cha Marekani cha unga wa ngano wa kawaida ni gramu 120, na waandishi wengine huhesabu 125. Cha sukari nyeupe ya chembe ni gramu 200. Cha sukari ya kahawia iliyoshindiliwa ni kati ya gramu 200 na 220. Cha sukari ya unga, ile ya kupambia keki, ni takriban gramu 120. Cha kakao ya unga ni gramu 85. Cha siagi ni gramu 227, yaani nusu ratili kamili. Cha mafuta ya kula ni karibu gramu 220, cha maziwa ni kama gramu 240, na cha asali ni gramu 340. Tazama umbali uliopo baina ya kakao na asali: kikombe ni kile kile, na uzito umezidi mara nne.

Unga ndio unaoleta hasara kubwa, maana ndio unaobadilika kwa namna ya kuushika. Mtu akizamisha kikombe ndani ya mfuko wa unga uliokaa ukashikamana, akakivuta juu kimejaa na kukipigapiga mezani ili kijae vizuri, huweza kupata gramu 150 au zaidi. Na mwenzake, kwa kikombe kile kile, akapata 120. Njia iliyokusudiwa na waandishi wengi wa Marekani ni hii: kwanza uvuruge unga kwa kijiko ndani ya chombo chake mpaka uwe mwepesi na kuingia hewa, kisha uuteke kwa kijiko na kuudondosha katika kikombe bila kuushindilia, mpaka ufanye kilima juu ya ukingo, kisha ushike kisu, mgongo wake ukiwa juu ya ukingo wa kikombe, ukivute kwa mkupuo mmoja kutoka upande huu hadi upande ule, unga uliozidi uanguke. Usitikise kikombe wala usikigonge. Sukari ya kahawia hufanyiwa kinyume cha hayo, maana hiyo hushindiliwa mpaka, ukiipindua, itoke ikiwa na umbo la kikombe. Mwenye mizani hana haja na taabu zote hizo. Huweka bakuli, humimina mpaka gramu 120, naye amemaliza.

Husemwa na baadhi ya wapishi kwamba kikombe chochote kinatosha, maadamu kimoja hicho hicho kimetumika kwa vitu vyote, kwa kuwa nisba baina ya vitu itabaki sawa. Maneno hayo yana ukweli katika vitu vilivyopimwa kwa kikombe peke yake. Lakini keki ina mayai, na yai halikui kwa sababu kikombe chako ni kikubwa. Ina bekingi pauda, ambayo hupimwa kwa kijiko cha chai. Na ina siagi, ambayo Mmarekani huihesabu kwa vijiti. Anayetumia kikombe cha mililita 284 mahali pa kile cha 237 huongeza unga na sukari kwa humusi, ilhali mayai, siagi na bekingi pauda vimebaki palepale, na keki yake hutoka kavu, nzito, isiyoumuka ipasavyo. Nisba anayojisifia kuilinda ndiyo aliyoivunja.

Maziwa, siagi na vijiko

Vitu vya majimaji havina taabu kubwa. Ukikuta painti moja ya maziwa katika kitabu cha Uingereza, mimina mililita 570; ukiikuta katika kitabu cha Marekani, mimina 470. Robo painti ya Uingereza, ambayo katika vitabu vya zamani huwa na jina lake mbali, ni mililita 142; ya Marekani ni 118. Kikombe cha maziwa cha Marekani ni mililita 240, nusu yake 120, robo yake 60, na theluthi yake 80. Katika vitabu vya nchi zote mbili neno wakia hutumika kwa uzito na kwa majimaji pia, na msomaji hana budi kutazama kinachopimwa: wakia za unga, jibini au chokoleti ni za mizani, na wakia za maji, maziwa au maji ya matunda ni za chombo cha kupimia.

Kijiko cha chai ni mililita 5 katika nchi zote mbili, na kijiko cha chakula ni mililita 15, kwa kasoro ndogo sana upande wa Marekani. Kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20, na hilo likumbukwe na mwenye vitabu vya huko. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba vitabu vya zamani vya Uingereza mara nyingi vilitaja kijiko kilichovimba, chenye unga juu ya ukingo kama ulivyo ndani yake, ilhali vitabu vya Marekani tangu zama za Fannie Farmer hukusudia kijiko kilichosawazishwa. Kwa bekingi pauda au chumvi tafauti hiyo ni kubwa. Basi usome kwa makini, na pasipotajwa lolote katika kitabu cha siku hizi, sawazisha.

Kijiti cha siagi huwashangaza wengi, nacho ni jambo jepesi. Siagi ya Marekani huuzwa ratili moja ikiwa imegawanywa katika vipande vinne vilivyofungwa mbalimbali, na kila kipande ni wakia 4, yaani gramu 113, sawa na nusu kikombe, sawa na vijiko 8 vya chakula. Pakiti yako ikiwa ya gramu 250, kijiti ni karibu nusu yake, kasoro gramu 12. Mtu asiye na mizani aweza kuipima siagi kwa kuikata pakiti kwa kisu kwa sehemu zilizo sawa. Hiki ni kitu kimoja ambacho macho huweza kukipima bila hasara.

Vitu vyenye jina moja na hali mbalimbali

Baada ya kugeuza vipimo, mpishi hana budi kuhakikisha kwamba kitu alichokipima ndicho. Yai kubwa la Marekani lina uzito wa takriban gramu 57 pamoja na ganda lake. Uingereza, yai la gramu 53 hadi 63 huitwa la kadiri, na jina la yai kubwa huanzia gramu 63. Kwa hiyo yai kubwa la Marekani ni yai la kadiri la Uingereza. Mayai ya kuku wetu wa kienyeji aghalabu ni madogo kuliko yote hayo, na mwenye kuyatumia afanye hivi: ayavunje katika bakuli, ayapige kidogo, kisha apime gramu 50 kwa kila yai lililotajwa katika mapishi ya Marekani. Kinachobaki hakiharibiki, kitafaa kwa chai ya asubuhi.

Unga unaoumuka wenyewe, uliovumbuliwa na Henry Jones wa Bristol akaupatia hati ya haki mwaka 1845, ni kipenzi cha vitabu vya Uingereza. Usipoupata, changanya gramu 150 za unga wa kawaida na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, uchekeche mara mbili ili vitangamane. Ule wa Marekani wenye jina hilo hutiwa na chumvi pia, basi mwenye kuutumia kwa mapishi ya Kiingereza apunguze chumvi yake.

Pana unga mweupe, laini kama poda, unaotumika kuzitia uzito supu na kastadi. Waingereza huuita unga wa mahindi, na Wamarekani huuita wanga wa mahindi, na ni kitu kimoja. Msomaji wetu ajihadhari asiende kuchukua sembe ya ugali kwa sababu ya jina la Kiingereza, kwa kuwa hiyo haina kazi hiyo. Sukari laini ya Waingereza, iliyo baina ya sukari ya chembe na sukari ya unga, yaweza kupatikana kwa kuisaga sukari ya kawaida kwa muda mfupi. Krimu nzito ya Uingereza ina mafuta yasiyopungua asilimia 48, na ile ya Marekani inayoitwa nzito hutakiwa kuwa na asilimia 36 tu. Basi mapishi ya Marekani yakitaka krimu nzito, ile ya kupiga ya Uingereza ndiyo iliyo karibu nayo. Mwisho, wapishi wa Marekani hupenda chumvi ya chembe kubwa, ambayo kijiko chake kina nafasi nyingi za hewa. Mwenye chumvi laini ya mezani apunguze, maana kijiko hicho hicho cha chumvi laini huweza kuwa na uzito wa karibu mara mbili.

Joto na vyombo

Joto la Farenhaiti hugeuzwa kuwa la Selsiasi kwa kutoa 32, kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9. Lakini mpishi hahitaji kufanya hesabu kila siku, kwa kuwa nyuzi zitumikazo ni chache na hukaririwa upesi: 325 za Farenhaiti ni 160 za Selsiasi, 350 ni 180, 375 ni 190, 400 ni 200, 425 ni 220, 450 ni 230. Vitabu vya Uingereza huongeza alama za gesi, yaani namba za joto za oveni ya gesi, na ya 4 ni sawa na Farenhaiti 350. Kila alama moja juu au chini ni nyuzi 25 za Farenhaiti. Oveni yenye feni hupunguziwa nyuzi 20 za Selsiasi. Wala usidhani kosa katika jambo hili ni dogo: mtu aliyesoma 180 katika kitabu cha Uingereza akaiwasha oveni ya Marekani kwa 180 amepata Selsiasi 82 tu, joto lisiloweza kuivisha keki.

Chombo cha kuokea nacho ni kipimo. Inchi 8 ni sentimita 20, na inchi 9 ni sentimita 23. Inchi moja huonekana kuwa kitu kidogo, lakini chombo cha duara cha inchi 9 kina eneo linalolizidi la inchi 8 kwa zaidi ya robo, kwa hiyo keki ile ile hutandaa, ikawa nyembamba na kukauka mapema. Ukiwa huna cha duara cha inchi 9, tumia cha mraba cha inchi 8, maana maeneo yao yanakaribiana sana. Waingereza huviita vyombo vya mkate kwa ratili; kile cha ratili 2 hukaribia kile cha Marekani cha inchi 9 kwa 5.

Mifano miwili

Na tuchukue mkate wa ndizi wa Marekani, ambao maelezo yake ya kawaida ni vikombe 2 vya unga, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiti 1 cha siagi, mayai makubwa 2, ndizi mbivu 3, kijiko 1 cha chai cha bekingi soda, nusu kijiko cha chumvi, joto la 350, katika chombo cha inchi 9 kwa 5. Unga unakuwa gramu 240. Sukari gramu 150. Siagi gramu 113. Mayai gramu 100 bila maganda. Ndizi mbivu hutafautiana mno kwa ukubwa, basi zipondwe na kupimwa mpaka gramu 225, ambazo ni kikombe kimoja takriban. Bekingi soda na chumvi hubaki kwa kijiko, kilichosawazishwa. Joto ni Selsiasi 180, au 160 kwa oveni ya feni, na chombo ni sentimita 23 kwa 13. Aliyezamisha kikombe chake katika mfuko wa unga angalitia gramu 300 mahali pa 240, yaani ziada ya robo nzima, kisha akazilaumu ndizi.

Mfano wa pili ni keki ya Uingereza inayobeba jina la Malkia Victoria, ambayo kaida yake ya kale ni kupima mayai 3 pamoja na maganda yake, kisha kuchukua siagi, sukari laini na unga unaoumuka wenyewe kwa uzito ule ule, kila kimoja mbali. Vitabu vingi huandika wakia 6, ambazo ni gramu 170. Jamaa yetu aliyeko Marekani asiye na mizani atafanya hivi: siagi ni kijiti kimoja na nusu, bila kuzidi wala kupungua, sukari ni kikombe 1 kasoro vijiko viwili na nusu vya chakula, unga ni kikombe 1 na vijiko 7 vya chakula, kasoro kidogo, na akiwa na unga wa kawaida, autie vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Mayai matatu makubwa ya huko yatalingana na wakia 6 yenyewe, kwa kuwa kila moja lina wakia 2. Keki hiyo huokwa katika vyombo viwili vya sentimita 20 kwa Selsiasi 180, ambazo kwa oveni yake ni Farenhaiti 350. Msomaji ataona kwamba mapishi yaliyojengwa juu ya uzito husafiri bila taabu kwenda nchi yoyote, na yale yaliyojengwa juu ya vikombe hutaka maelezo marefu kila yanapovuka mpaka.

Mambo ya kushika

Si kila chakula kinachodai uangalifu huu. Pilau, mchuzi, supu, maharage ya nazi na vyakula vyote vinavyoonjwa vikiwa jikoni huongozwa na ulimi na uzoefu wa mpishi, na kwa hivyo kikombe chochote kitafaa, wala hapana haja ya kumchosha mtu kwa gramu za vitunguu. Uangalifu ni wa keki, mikate, biskuti, kastadi na vitu vinavyoumuka au kuganda, ambavyo haviwezi kurekebishwa baada ya kutiwa motoni.

Unapoyapata mapishi mapya, tafuta kwanza nchi yake. Vikombe, vijiti vya siagi na Farenhaiti ni alama za Marekani. Wakia pamoja na alama za gesi ni za Uingereza ya zamani. Gramu pamoja na mililita ni za Uingereza ya leo na nchi nyingi nyingine. Kisha ugeuze vyote kwa mkupuo mmoja, usichanganye wakia za huku na vikombe vya kule. Usihangaike na tarakimu zisizo na faida, maana wakia moja ikihesabiwa gramu 28 au hata 30 katika kiasi kidogo hakuna kinachoharibika, lakini bekingi pauda, hamira na chumvi zisikisiwe. Uyaandike matokeo katika daftari lako, na ukishapika mara ya kwanza, andika ubavuni mwake uliloliona: kwamba ilihitaji dakika tano zaidi, au kwamba sukari ilizidi kwa ulimi wa nyumbani kwako.

Na ikiwa umejaliwa kupika vizuri, bila shaka watu watakuja kukuomba mapishi. Huo ni wakati wa kuonyesha ukarimu ulio kamili, kwa maana kumpa mtu mapishi yenye vikombe visivyojulikana ni vya nchi gani ni kumpa nusu ya fadhila na kumwachia hasara nusu ya pili. Mwandikie uzito kwa gramu, majimaji kwa mililita, joto kwa nyuzi za Selsiasi na chombo kwa sentimita, na juu ya karatasi utaje nchi mapishi yalikotoka. Kufanya hivyo ni kazi ya dakika chache, na mtu huyo ataweza kupata keki kama yako siku ya kwanza, akaweza kumfundisha mwingine kwa yakini ile ile.